Kiuzbeki cha kulipia, na ritifaa iliyonitoa jasho

Programu yenyewe ya simu, ya kujifunzia Kiuzbeki, siitaji kwa jina, lakini aliyewahi kuilipia ataijua kwa hili ninalolisema. Niliichukua mapema mwaka huu kwa sababu ya safari ya kazi Tashkent, mji mkuu wa Uzbekistan, na mwanzoni niliisifia kwa kila mtu. Sauti ni za watu kweli, unasikia hadi pumzi.

Kisha likaja zoezi la kuandika. Kiuzbeki cha herufi za Kilatini, hizi hizi zetu za a, b, ch, kina oʻ na gʻ, na hiyo alama ya juu ni sehemu ya herufi. Naandika kwa ritifaa ya simu yangu: kosa. Narudia: kosa. Jamani, mimi nimekua na ng'ombe na ng'ambo, ritifaa ndiyo initishe leo? Kumbe wanataka ile iliyopinduliwa tu, iliyokaa kama 6 ndogo, ambayo kibodi yangu haina. Wauzbeki ninaochati nao wala hawahangaiki nayo, wanabonyeza yoyote iliyo karibu na kidole.

Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote. Jibu: "Jifunze kwanza kuandika Kiuzbeki sahihi." Sahihi ipi? Lugha hii iliandikwa kwa herufi za Kiarabu, ikahamishiwa Kilatini mwishoni mwa miaka ya 1920, ikapelekwa Kisirili, zile herufi za Warusi, mwaka 1940, ikarudishwa Kilatini kwa sheria ya 1993. Hata Kilatini hicho kikageuzwa 1995: ş na ç zikatolewa, zikaja sh, ch na hizi ritifaa. Mwaka 2021 yakatoka mapendekezo ya kurudisha ş na ç, na kuandika õ na ğ ili ritifaa zipumzike. Wenye lugha bado wanajadiliana, ila huyo wa kujibu wateja yeye keshamaliza!

Na hapo sijafika Tashkent. Kisirili programu haikigusi kabisa, kana kwamba kilizikwa. Serikali ilipanga kukamilisha kuhamia Kilatini ifikapo 1 Januari 2023, lakini mabango ya madukani, magazeti, hata ujumbe wa mama mwenye nyumba, nilivikuta kwa Kisirili. Ilibidi nianze upya na ў na ғ, usiku, peke yangu, wakati nimeshalipa hela ya kufundishwa.

Nilikusudia kutoa nyota tatu. Kadiri ninavyoandika naona moja inawatosha.

Ingawa, nisiwadhulumu: nilipoingia choyxona, yaani mkahawa wa chai, na kuagiza koʻk choy, chai ya kijani, mhudumu alinielewa mara ya kwanza, na matamshi hayo nimeyapata kwao. Haya, mbili. Lipieni mwezi mmoja, sikilizeni sauti, zoezi la kuandika lirukeni. Mimi nililipa mwaka mzima, na hela yangu bado naidai.