Semina ya utii kwa wenye mamlaka, Shangani, Mtwara: jaribio limeelezwa vyema, sababu zimeachwa nusu

Semina hii ya siku moja, iliyofanyika katika ukumbi mmoja wa Shangani, iliwalenga viongozi na makarani wa vyama vya msingi vya ushirika wanaojiandaa kwa msimu wa korosho, na mada yake ilikuwa sababu za kisaikolojia zinazowafanya watu wamtii mwenye mamlaka hata pale dhamiri inapokataa. Kwa ada ya shilingi 30,000, chai na wali kwa samaki vikiwemo, mshiriki anapata asubuhi yenye manufaa makubwa na alasiri iliyopwaya.

Asubuhi yote ilikuwa ya Stanley Milgram, mwanasaikolojia wa Marekani, na jaribio lake la kupima watu hutii amri ya kumuumiza mwenzao hadi wapi. Mwezeshaji alileta ubao wenye swichi 30, kuanzia volti 15 hadi 450, akamwita karani mmoja azibonyeze kwa mfuatano huku mwenzake akilia nyuma ya pazia. Ukumbi ulicheka mwanzoni, na ilipofika volti 150 hakuna aliyecheka tena. (Mwezeshaji alivaa koti jeupe, ilhali la msimamizi wa jaribio la Milgram lilikuwa la kijivu, lakini hilo ni dogo.) Katika jaribio lenyewe, lililofanyika Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 1963, washiriki waliamriwa kumpiga mtu umeme kila alipokosea jibu, na 26 kati ya 40 walifika volti 450, ingawa yule waliyedhani wanamwadhibu hakupigwa umeme wowote.

Sehemu iliyonivutia zaidi ni ile ya majaribio yaliyofuata. Msimamizi alipotoa amri kwa simu, waliotii hadi mwisho walishuka hadi karibu mmoja kati ya watano, na pale wenzao wawili walipogoma mbele yao, walioendelea walikuwa 4 tu kati ya 40. Mwezeshaji aliyahusisha matokeo hayo na mzani wa ghalani: mkulima anayeona kilo zake zimeandikwa pungufu huweka dole gumba bila neno, lakini wawili waliomtangulia kwenye foleni wakiuliza, naye huuliza.

Alasiri ndipo kasoro zilipojitokeza. Tulipewa maelezo mamoja tu, yale ya Milgram mwenyewe, kwamba mtu anayetii hujiona wakala wa mwingine na kumwachia lawama. Hatukuelezwa kwamba volti zilipanda 15 kwa 15, kiasi kwamba aliyekubali hatua moja hakuwa na sababu ya wazi ya kukataa inayofuata, kama makato yanayoongezwa kidogo kidogo kwenye malipo ya mkulima. Wala hawakutajwa wanasaikolojia Alexander Haslam na Stephen Reicher, wanaodai kwamba watu huendelea kwa sababu wanaiamini kazi wanayoshirikishwa, si kwa kutishwa na amri. Hoja yao ina nguvu, kwa kuwa mwanasaikolojia Jerry Burger aliporudia sehemu ya jaribio hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2009, hakuna mshiriki aliyeendelea baada ya kuambiwa kwamba hana hiari ila kuendelea. Kwa karani, tofauti hiyo ni kubwa, maana anayeamini kwamba anakijenga chama chake hahitaji kutishwa ndipo aandike kilo za uongo.

Ninawashauri makarani wahudhurie, hasa kwa ajili ya asubuhi. Waandaaji wametangaza kwamba wataipeleka semina Masasi na Newala. Kabla ya kufika huko, wavichape upya vitini, kwani jedwali la majaribio kwenye nakala tulizogawiwa halisomeki.