Nimedarizi foronya za mama kwa uzi wa DMC, matokeo yake haya

Jamani nimeona nije niandike hii maana najua kuna mtu saa hizi anahangaika na zawadi ya mama yake kama nlivyohangaika mimi mwaka jana.

Mwaka jana nlimdarizia mama foronya mbili, maua mekundu na majani, kazi ya wiki tano kila usiku watoto wakishalala, na nyuzi nlichukua zile za paketi, rangi nyingi kwa bei ya chini, hazina hata jina. Nikampelekea Tanga mwenyewe kwa mkono wangu, akafurahi, akazivalisha mito siku hio hio. Wiki ya pili ananipigia simu sauti imeshuka kabisa, "mwanangu, nimeziharibu." Kazifua na wekundu umetoka wote, umesambaa kitambaa kizima, foronya nyeupe imegeuka pinki yenye mawingu mawingu. Na alifua kwa maji baridi na sabuni ya mche, hakukosea kitu chochote. Kilichoniuma sio zile wiki tano, kilichoniuma ni yeye kujiona ndio mwenye kosa.

Safari hii nikasema sinunui tena uzi kwa kutazama rangi tu. Dada yangu anaishi Birmingham, nikamuagiza DMC, hawa ni Wafaransa, kampuni ilianzia mji wa Mulhouse mwaka 1746 kwahiyo wako kwenye mambo ya vitambaa na nyuzi siku nyingi mno. Kishada kimoja kina mita 8 na ndani yake kuna nyuzi sita zimelala pamoja ambazo unaweza kuzitenganisha, ukidarizi kwa nyuzi mbili mbili tayari una mita 24 za kutumia, yani kishada kidogo vile ukikiona mkononi huamini kinafika wapi. Kila rangi ina namba yake, nyeusi ni 310, nyekundu nlotumia mimi 321, na hili kwangu ni jambo kubwa, uzi ukiniishia katikati ya ua nataja namba tu inakuja rangi ile ile, sio kuzunguka Kariakoo nzima na kipande cha uzi mkononi nalinganisha kwenye mwanga wa jua.

Ni pamba tupu ila inang'aa utadhani hariri. Huo mng'ao sio mafuta wala plastiki, pamba inapitishwa kwenye kostiki, hio hio ya kutengenezea sabuni, ni njia aliyoianza Mwingereza mmoja anaitwa John Mercer 1844, uzi unavimba, unakua imara zaidi na unashika rangi vizuri, na mng'ao wenyewe ulikuja baadae, mwaka 1890, Mwingereza mwingine Horace Lowe alipoanza kuuvuta uzi usinywee ukiwa ndani ya kostiki. Hapo ndipo nlipoelewa kwanini ule wangu wa paketi ulikua mkavu kama katani.

Lakini sikuamini maneno matupu, nlifanya jaribio na wewe fanya kabla hujatia sindano kwenye zawadi ya mtu. Chukua kipande cha uzi, kilowanishe, kibane katikati ya kitambaa cheupe, pitisha pasi ya moto juu yake. Ule wa paketi nlikua nimebakiza kidogo, ukaacha mstari wa pinki palepale. DMC 321 haukuacha kitu. Nikaulaza kwenye maji ya sabuni usiku mzima, asubuhi maji meupe.

Sasa kazi yenyewe. Poplini nyeupe nlinunua Mtaa wa Uhuru, nikailoweka na kuianika kwanza isije kunywea baadae ikavuta maua. Mama alikua na foronya yake ya zamani aliyodarizi mwenyewe kabla sijazaliwa, imeandikwa LALA SALAMA, na ile L ya kwanza mkia wake unaning'inia ua dogo la petali tano, moja fupi kuliko zingine. Nikaibandika kioo cha dirishani, poplini juu, nikafuatisha kwa penseli. Msitumie kaboni za ofisini, zinachafua. Ile petali fupi nikaiacha fupi vilevile. Sindano namba 7, herufi nyuzi tatu kwa mshono wa mnyororo, maua nyuzi mbili. Kata uzi dhiraa moja tu, kiwiko mpaka ncha ya kidole, ukikata mrefu unajifunga na unachakaa kwa kupita pita kwenye kitambaa. Na kutenganisha chomoa uzi mmoja mmoja kwenda juu, ukivuta miwili pamoja utakaa unafumua mafundo mpaka usiku wa manane.

Ubaya wake upo. Bei ni juu ukilinganisha na za paketi, na mimi hapa Dar sijaupata kirahisi ndio maana nkaagiza. Foronya mbili zimenila vishada vitatu vya nyekundu na viwili vya kijani, kwa hio piga hesabu mapema.

Kadi nayo nimetengeneza mwenyewe, manila nyeupe nimeikunja katikati, juu nikabandika jina la kanga yake iliyochanika, NANI KAMA MAMA, nimekata ule mstari wa maneno na kipande cha pindo. Hapa gundi ya kopo iliniangusha, ilipenya kitambaa ikaleta madoa kama ya mafuta. Cha pili nikapika uji mzito wa unga wa ngano kama tuliotumia shule kutengeneza tiara, nikapaka mwembamba sana kwenye manila sio kwenye kanga, nikalaza chini ya godoro usiku mmoja. Imetoka imenyooka na maneno yanasomeka vizuri. Kufungia nikatumia karatasi ya khaki na utepe wa kanga hio hio.

Kwa uzi natoa tano kwa tano, ile bei nimeshaisamehe.

Mama amezipokea Jumamosi. Hakuzivalisha, kazifua kwanza, nadhani ile hofu ya mwaka jana bado anayo. Akanipigia video kunionyesha beseni, povu na maji meupe, akageuza simu kwenye kamba foronya zimeanikwa na kidole chake kiko kwenye ile petali fupi, "hii umeikumbuka?" Sasa mama mdogo naye anataka za kwake ila kasema za buluu, mwenye namba nzuri ya buluu ya DMC ambayo ameshaitumia na kuifua naomba aniwekee hapo chini.