Pillow na vikombe 80 vya harusi: uzoefu wangu

Nina kibanda cha kuchapa vikombe na fulana hapa Tanga. Kilichonifikisha kwenye Pillow ni oda ya vikombe 80 vya harusi, kila kimoja na jina la mgeni wake, na mama wa bibi harusi alitaka majina "yaonekane kama yamesimama juu ya maji". Kingekuwa kikombe kimoja, ningefungua programu yoyote ya kuchora nikamaliza kabla chai haijapoa. Kwa 80 nisingelala.

Pillow ni maktaba ya bure ya kutengeneza na kuhariri picha kwa amri za lugha ya programu ya Python. Ukishaipakua, haikuli bando. Ilichipuka mwaka 2010 kutoka maktaba ya zamani iitwayo PIL ya Fredrik Lundh, ndiyo maana unasakinisha pillow lakini ukiandika amri zako unaita PIL. Mimi nilihangaika jioni nzima kabla ya kulijua hilo. Ukifuata somo la zamani linalopima maandishi kwa textsize, litagoma: amri hiyo iliondolewa kwenye toleo la 10, mwaka 2023. Tumia textbbox.

Leya zenyewe, yaani picha zinazopangwa moja juu ya nyingine, hazina taabu. Unaandika kivuli kwenye picha tupu iliyo wazi, unakitawanya kwa GaussianBlur, unaandika jina lenye ukingo wa stroke_width kwenye picha nyingine, kisha unazibebanisha kwa alpha_composite. Cha chini kitangulie. Nilipozipanga kinyume, kivuli kililifunika jina kama moshi wa kuni mbichi.

Taswira ya majini, yaani jina kujiakisi chini yake, ndiyo iliyonitoa jasho. Kulipindua jina juu chini ni mstari mmoja tu, ImageOps.flip. Kazi ni kulififisha kadiri linavyozama. Nilichukua mteremko wa weusi kwenda weupe, nikaupachika kwa putalpha, amri inayoweka uwazi wa picha (penye weusi hapaonekani, penye weupe panaonekana), na chini ya kila jina kikajitokeza kibao cheusi! Kumbe putalpha huutupa uwazi wa mwanzo na kuweka mpya, na ile sehemu niliyodhani haina kitu ilikuwa nyeusi isiyoonekana. Dawa yake ni kuzidisha uwazi wa awali na mteremko kwa ImageChops.multiply, ndipo urudishe jibu kwa putalpha. Kingine, mteremko wa linear_gradient huanza na weusi juu, kwa hiyo nao ugeuze, la sivyo jina litafifia pale linapogusa maji na kukolea kule chini.

Halafu herufi zenye mikia. Jina kama Mwajuma, ile j inashuka chini ya wenzake, basi taswira inaanzia kwenye ncha ya mkia na herufi nyingine zote zinabaki zikielea hewani. Nikaamua majina yote yawe herufi kubwa kama maandishi ya kanga. Yakasimama wima.

Kwa majina ya herufi za Kiarabu, hakikisha kwanza kwamba Pillow yako ina raqm, kisaidizi cha kupanga na kuunganisha herufi. Bila hiyo herufi haziungani, kila moja inakaa kivyake. Hapo nimeipunguzia nyota moja, nne zinabaki, na kwa kazi ya majina mengi sirudi kwenye kukopi na kubandika.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Karatasi ya kuhamishia rangi hulazwa kifudifudi kwenye kikombe, kwa hiyo picha nzima lazima igeuzwe kushoto kulia kabla ya kuchapwa. Hiyo ni ImageOps.mirror, si flip, na mimi kwa sababu nilishatumia flip nilijiona nimemaliza. Nikachapa kikombe cha mfano chenye jina AMINA, nikakitia kwenye mashine ya joto, nikakitazama, nikaridhika. A, M na I hazibadiliki ukizigeuza. Ni N peke yake iliyokuwa imeangalia upande mwingine. Mama wa bibi harusi alikishika, akakizungusha mara mbili, akaniuliza, "Mwanangu, huyu Anima ndiye nani? Mbona simjui?"

Sasa mirror imekaa mstari wa mwisho kabla ya save. Kikombe cha Anima ndicho ninachonywea chai kibandani.