Kampa ndogo na joto la kiangazi: ununue nini kwanza

Watu wengi wakitaka kupoza kampa (gari la kusafiria lenye sehemu ya kulala) wanakimbilia AC, afu wanashangaa mbona saa nane mchana ndani bado moto na betri ishakata. Jua la mchana linamwaga karibu wati 1000 kwa kila mita mraba, sasa piga hesabu ya kioo cha mbele peke yake halafu ongeza paa. Ndo maana hapa nimepanga vitu kwa kuangalia vinapunguza joto kiasi gani ukilinganisha na pesa na umeme vinavyokula, na namba moja wala sio mashine.

Namba moja ni kava za vioo, zile zenye upande wa kung'aa. Kama gari lako linaruhusu chukua za kufunga kwa nje, manake jua likishapita kioo joto limeshaingia, kava ya ndani inarudisha kiasi tu na kilichobaki kinakwama kati ya kava na kioo halafu kinakurudia wewe. Ya nje ina usumbufu wake, upepo unaipeperusha na ukitaka kuondoka haraka lazima ushuke uifungue, lakini bado naiweka juu ya vyote. Ukibakiwa na hela ongeza turubai ya kivuli ya ubavuni, uifunge upande wa jua la jioni.

Namba mbili feni ya paa, na hapa usifanye ubahili. Tundu lililozoeleka ni kama sentimita 36 kwa 36 na kampa nyingi zinalo tayari, lina kifuniko tu. Hewa ya moto inajikusanya juu, kwa hiyo feni iwe inatoa nje, halafu ufungue dirisha moja tu upande wa kivuli, karibu na unapolala. Ukifungua yote hewa inaingia kila mahali na mwilini huisikii, ila likiwa moja ukiweka mkono pale dirishani utaisikia inavyovutwa, na hio hio ndo inakupita mwilini usiku kucha. Dukani angalia kama inazunguka pande zote mbili, ina spidi nyingi, na kifuniko chake kinakinga mvua huku feni inaendelea, manake usiku wa joto mvua ikinyesha ukalazimika kufunga paa utajuta. Spidi ya juu nyingi zinakula ampea 3 mpaka 5 hivi kwenye volti 12, spidi ya chini haifiki hata moja, betri ya kawaida inalala nayo bila shida. Ila haiwezi kushusha joto chini ya lile la nje, hilo ulijue kabla ya kulipa.

Namba tatu vifeni vya volti 12 vya kubana ukutani, kimoja kwa kila anayelala. Ni vya bei nafuu na umeme wake ni kidogo sana. Hewa ikifika nyuzi 40 feni peke yake inaweza kukuzidishia joto, hapo lowesha shati au taulo ujifunike ndo uiwashe.

Namba nne AC. Kwa kampa ndogo iliyozibwa vioo BTU 5000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) mara nyingi inatosha, inakula kama wati 450 mpaka 500, wakati zile kubwa za paa za BTU 13,500 zinataka kama wati 1300 mpaka 1500, zile sekunde za kuanza kuwaka zinavuta zaidi ya hapo, na uzito wake ni kilo 35 na kuendelea kwa hiyo hakikisha paa linabeba. Betri ya lithiamu ya volti 12 na Ah 100 (ampea-saa 100) ina wati-saa kama 1280, yaani hio AC ndogo haifiki hata masaa matatu ikikimbia mfululizo. Kama hulali kwenye kambi zenye soketi, fikiria tena. Za kusimama chini zenye bomba moja mi siziungi mkono, zinatupa nje hewa ya ndani halafu hewa ya moto inaingia kwenye kila upenyo, tafuta ya mabomba mawili. Na ukitumia jenereta iweke mbali na madirisha na ununue alamu ya kaboni monoksidi, ile gesi haina harufu na inaua watu usingizini.

Namba tano kipoza hewa cha maji. Sehemu kavu kinafanya kazi vizuri sana kwa umeme kidogo, dirisha liwe wazi. Sehemu zenye unyevu usinunue, utaongeza jasho tu.

Vya kuacha kabisa ni vile viboksi vya mezani vya USB vya kupoza hewa na feni za kuweka barafu. Kilo 10 za barafu zikiyeyuka zote zinameza joto ambalo AC ya BTU 5000 inaliondoa kwa dakika kama 40, na barafu yenyewe utaibeba kila siku?

Mpangilio huu unabadilika kama unasafiri na mtoto mchanga, mzee au mbwa, hapo AC inapanda mpaka namba mbili. Lakini usiwaache ndani peke yao ukiitegemea, umeme wa kambi ukikatika gari linapanda joto ndani ya dakika chache.