TAHADHARI: Mnada wa magari ya Japani unaofanyika saa tatu usiku

Wakuu, salamu. Nina aibu kuandika haya, kwa sababu mimi ndiye ambaye ndugu humpigia kabla hawajanunua simu Kariakoo, niwakagulie kama ni ya kweli. Lakini wiki hii nimeona mtego ulionikamata umetegwa tena, nikaona nikikaa kimya nitakuwa nimemshikia ngazi mwizi.

Kwa ufupi: kuna jamaa anaendesha mnada wa magari ya Japani kwenye kikundi cha WhatsApp. Anajiita wakala aliyeko hukohuko Japani. Mwaka jana nilimtumia dola 3,850 kwa ajili ya Toyota IST ya rangi ya fedha. Gari halikufika, na halikuwahi kuwepo. Jina alilotumia silitaji, kwa sababu si lake, na namba ameshabadilisha mara mbili. Ninachoweza kuwapa ni namna alivyofanya, ili mkimkuta kwa jina jingine mmtambue kwa mwendo.

Aliyenipeleka kwake ni shemeji yangu. Nilimuuliza, "Shem, huyu unamjua?" Akajibu, "Ni mtu safi, kamwagizia gari mwenzetu wa kazini." Nikaridhika. Baada ya kupigwa ndipo nikaufuata mnyororo kwa nyuma. Shemeji alimwamini yule mwenzake. Mwenzake hakuwa ameletewa gari, alikuwa ameshalipia na anasubiri. Yeye alimwamini mjumbe wa kikoba chao. Mjumbe alimwamini jirani yake. Jirani alikuwa ameona picha ya gari likishushwa bandarini, na picha hiyo ilitoka kwa tapeli mwenyewe. Watu wanne waungwana kabisa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika funguo ya gari. Wa tano nilikuwa mimi, na kama mambo yasingeharibika mapema ningempelekea wa sita kwa moyo mweupe.

Sasa huo mnada wenyewe. Kila Jumanne saa tatu usiku anafungua simu ya video, anaonyesha skrini ya kompyuta. Unaona magari yanapita, bei inapanda kwa yeni, sauti za Kijapani nyuma. Anasema ni mnada mkubwa wa Noda, mkoa wa Chiba. Wewe unaandika dau lako kwenye kikundi, yeye anadai analibonyeza. Kuna mtu, jina lake herufi moja tu, alikuwa ananipandia. Nikisema 350,000, yeye 360,000. Nikapanda, akapanda. Jasho linanitoka, mke wangu ananikonyeza niache, mimi nazidi. Nilipofika 385,000 yule mtu akanyamaza, na jamaa akaandika kwa herufi kubwa: UMESHINDA, HONGERA MKUU! Watu wakaanza kunipongeza. Usiku ule ningekuwa nimetajiwa bei hiyo dukani ningeuliza maswali ishirini. Lakini ukishashinda kitu huulizi tena, unaogopa kunyang'anywa.

Swali moja tu lingeniokoa, na lilikuwa ukutani kwangu, kwenye saa. Japani wametutangulia saa sita. Saa tatu usiku ya Dar ni saa tisa usiku ya kule. Nani ananadi magari saa tisa usiku? Minada yao huanza asubuhi, yaani huku kwetu ni alfajiri. Na ule wa Noda siku yake ni Alhamisi. Tulikuwa tunaangalia video iliyorekodiwa, watu wengi, kila mmoja na saa yake mkononi. Kingine nilichojifunza baadaye ni kwamba kule gari moja linanadiwa kwa sekunde chache tu. Hakuna nafasi ya wewe kuandika dau kwenye simu ukisubiri intaneti ya Tabata ikubali. Wakala wa kweli anakuomba kiwango chako cha juu siku moja kabla, kisha anakupa majibu kesho yake, umepata au umekosa. Hakuna shamrashamra.

Mchezo wa kupandishiana dau na kivuli una umri. Mwaka 2000 kuna mchoro ulinadiwa eBay, tovuti ya minada, hadi ukafika dola 135,805, kisha ikagundulika kwamba muuzaji na wenzake walikuwa wakijipigia dau wao kwa wao kwa majina ya bandia. Wawili walikiri makosa mahakamani mwaka 2001. Na hiyo ni eBay, ambako tangu 1996 muuzaji na mnunuzi wanaachiana maoni ili mgeni anayefuata ayasome. Kikundi cha WhatsApp kina nini? Kina admini, na hapa admini ndiye mwizi. Aliyeuliza swali gumu aliondolewa, na sisi tuliobaki tukaona kikundi kina amani.

Nieleze kidogo utaratibu halali, maana tapeli huyu anaishi ndani ya ukweli nusu. Mimi na wewe haturuhusiwi kuingia kwenye minada ile moja kwa moja. Wanaoweka dau ni wafanyabiashara wanachama, na mtu anayefanya biashara ya vitu vilivyotumika kule lazima awe na leseni yenye namba ya tarakimu 12. Kwa hiyo ni kweli kabisa kwamba unahitaji mtu wa kati usiyemjua. Hapo hakunidanganya. Alichofanya ni kukaa kwenye nafasi ambayo tayari ipo.

Halafu kuna karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari linalonadiwa. Alinitumia moja imejaa Kijapani, nikaifurahia kama cheti cha ndoa. Karatasi hizi zipo kweli na zina msaada mkubwa, shida ni kwamba hatujui kuzisoma. Alama ya jumla, 5 au 4.5, ni gari safi. 4 na 3.5 ni la kawaida, 3 limechoka, ukikuta R au RA ni gari lililogongwa likatengenezwa. A, B au C iliyo pembeni ni hali ya ndani. Kwenye mchoro wa gari, A ni mchubuko, U ni bonyeo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Mwaka wanauandika kwa kalenda ya wafalme wao. H17 ni Heisei 17, ongeza 1988 unapata 2005. Kwa Reiwa, enzi ya mfalme wa sasa, unaongeza 2018.

Karatasi yangu ilisema 4.5 na kilomita 62,000. Miezi miwili baadaye nikamwonyesha kijana mmoja wa yadi ya magari, akacheka kabla hajamaliza kuitazama. Boneti XX, madigadi yote mawili ya mbele yana W. "Bro, hii pua imekula nguzo, 4.5 itatoka wapi?" Akakuza picha nikaona mwenyewe: tarakimu za kilomita zina mwandiko tofauti na karatasi nzima. Kisha akaniuliza, "Ulisema umenunua ya cc ngapi?" Nikamjibu 1,500, ndivyo tangazo lilivyosema. Akagusa namba ya chasisi kwa kidole. Inaanza na NCP60. Hiyo ni IST ya 1,300. Ya 1,500 ni NCP61. Kitu kilichokuwa wazi kwenye mstari mmoja, mimi nilikuwa natafuta makosa kwenye picha za viti.

Kama unashuku kilomita, uliza cheti cha kufutwa usajili kwa ajili ya kusafirisha nje. Magari ya kule hukaguliwa kila baada ya miaka miwili yakishavuka ukaguzi wa kwanza, na kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi huandikwa humo. Ni vigumu kidogo kughushi kuliko kurudisha dashibodi nyuma.

Malipo ndiyo sehemu inayoniuma. Ankara ilikuwa na jina la kampuni ya Nagoya, nembo, muhuri mwekundu, kila kitu. Akaunti ilikuwa ya mtu binafsi, tena kwenye nchi nyingine kabisa. Dada wa benki aliniuliza kwa upole, "Kaka, hii kampuni na hili jina vinahusianaje?" Nikamwambia ni mkurugenzi wao wa fedha, kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa niseme. Soma tena hapo. Muuzaji alikuwa ameshanifundisha jibu la kumpa benki, na mimi sikushtuka.

Kampuni yenyewe, kumbe, ipo. Kila kampuni ya Japani ina namba ya tarakimu 13, na mamlaka yao ya kodi ina ukurasa wa kuitafuta bure, upo hata kwa Kiingereza. Nilitafuta nikaikuta, lakini nilitafuta nikiwa nimeshalipa. Nikawaandikia kwa anwani iliyoko kwenye tovuti yao, si ile ya kwenye ankara. Zilitofautiana herufi moja. Wakanijibu siku ya pili, kwa adabu sana, kwamba hawajawahi kuuza gari hilo na wala hawana wakala Tanzania. Barua pepe hiyo ingenigharimu dakika tano na siku moja ya kusubiri. Kwa hiyo kukuta jina la kampuni lipo hakutoshi. Waulize wenyewe, kupitia mlango uliouona mwenyewe, kama mtu huyu ni wao na kama akaunti hii ni yao.

Baada ya wiki mbili nikatumiwa BL, yaani hati ya mzigo kupakiwa melini. Jina la meli, bandari ya kupakia, tarehe, namba. Nikaiweka iwe mandhari ya skrini ya simu yangu! Wakala wangu wa forodha ndiye aliyeniambia, "Hebu tuiingize hii namba kwenye tovuti ya wenye meli." Haikutambulika. Jamaa akadai mfumo wao haujasasishwa. Tukaitafuta meli kwa jina kwenye tovuti za kufuatilia meli, ambazo kuzitazama hakulipiwi. Meli ni ya kweli, inabeba magari kweli, ila tarehe ambayo BL inasema ilikuwa inapakia Nagoya, ilikuwa kwenye pwani ya Amerika Kusini.

Bado sikutaka kuamini. Akaniomba dola 480 za "ukaguzi wa dharura", la sivyo gari litashushwa njiani. Mke wangu akachukua simu, akamwambia, "Kata hiyo pesa kwenye gari, utuletee gari bila redio." Akatukana, akatufungia. Ndipo nikajua imekwisha.

Nilirudi benki siku ya kumi na tisa, fedha zikiwa zimeshatolewa. Walinieleza kwamba ombi la kurudisha muamala lina nafasi likifika siku hiyohiyo au kesho yake, kabla upande wa pili haujatoa. Kwa hiyo ukishtuka, nenda benki kwanza, kulia utalia baadaye. Kisha polisi, uchukue RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako, na uombe kuelekezwa kwa wanaoshughulikia makosa ya mtandao. Sheria ipo tangu 2015. Pakua mazungumzo yote ya kikundi kabla hujaondolewa, maana ukishatolewa unabaki na maneno yako tu. Namba za hapa nchini zinazotapeli kwa ujumbe, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana namba 15040 ya kuziripoti. Mimi nina RB hadi leo. Fedha sina.

Na wanaouza msijione mko salama. Binamu yangu alinadi seti ya makochi mtandaoni, mshindi akamtumia ujumbe wa muamala unaofanana na wa kweli hadi nukta, halafu akapiga: "Dada nimezidisha laki moja, nirudishie tafadhali." Karudisha laki moja yake mwenyewe. Salio lake halikuwa limeongezeka hata shilingi, ila alisoma ujumbe badala ya kuangalia salio.

Mtaniuliza kama sasa siagizi tena. Nimeagiza. Mwaka huu, kupitia kampuni ambayo nilienda ofisini kwao nikakaa kwenye kiti chao. Niliwaambia nataka kuongea na wateja watatu waliopokea magari, na nikaenda kuyaona magari hayo kwa macho, mmoja hadi Kibaha. Nilimwomba mwenye gari anifungulie boneti nikasoma namba ya chasisi mwenyewe. Alidhani mimi ni polisi. Shemeji naye alidhani nimechanganyikiwa, lakini siku hizi akiniletea mtu nauliza jambo moja: wewe mwenyewe umegusa nini?

Ni yeye huyo aliyenitumia picha Jumapili iliyopita. Kaunganishwa kwenye kikundi kipya, jina jipya, picha ya wasifu ya mzee mwenye suti. Gari la Jumanne ijayo ni IST ya rangi ya fedha, alama 4.5, kilomita safari hii zimeshuka hadi 58,000. Nikamwambia akuze karatasi. Boneti XX. Chasisi NCP60, na tarakimu zinazofuata ni zilezile zangu. Mnada utaanza saa tatu kamili usiku.