Kliniki ya Meno Mwanjelwa: Uchunguzi Makini Nyuma ya Pazia Jepesi

Mwezi Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekolea, nilikwenda kwenye kliniki binafsi ya meno iliyo jirani na soko la Mwanjelwa kwa sababu ya kidonda pembeni mwa ulimi kilichokuwa kimekaa wiki tatu bila kupona. Jina la kliniki nitalihifadhi, kwa kuwa nina sifa na lawama pia.

Ninachokisifu ni uchunguzi wenyewe. Daktari hakuishia kwenye jino lililochongoka ambalo mimi nililishuku, bali aliushika ulimi kwa kitambaa cha shashi akaugeuza huku na huku, akamulika tonsili, kisha akanipapasa shingo pande zote mbili akitafuta uvimbe. Aliniuliza kama navuta sigara, nabwia ugoro au nakunywa pombe, na kama nimewahi kufanya ngono ya mdomo. Nimetibiwa meno tangu ujana, Iringa na hapa, na swali hilo la mwisho sikuwahi kuulizwa.

Aliponiona nimeduwaa, aliniambia, "Usiogope, mwalimu," akaeleza. Virusi vya HPV, ambavyo huambukizwa kwa ngono, hata ya mdomo, viko vya aina zaidi ya 100, na mara nyingi kinga ya mwili huviondoa pasipo mtu kujua kwamba aliambukizwa. Lakini aina ya 16 ikidumu mwilini kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani, ambayo kwa upande wa kichwa na shingo hushambulia zaidi tonsili na shina la ulimi kuliko sehemu ya mbele ya kinywa. Saratani ya mahali kilipokuwa kidonda changu kwa kawaida husababishwa zaidi na tumbaku na pombe. Ile ya HPV huweza kuanza kama uvimbe wa shingoni usiouma, hata kwa mtu ambaye hajawahi kugusa sigara, na kwa bahati njema huitikia tiba vizuri zaidi kuliko ile ya tumbaku. Maelezo ya namna hii, kwa lugha inayoeleweka, ni nadra.

Kwa hiyo kilinishangaza kipeperushi nilichopewa mapokezi, kilichoandika kwamba HPV ni tatizo la akina mama, bila kulitaja koo hata mara moja. Ni kweli kwamba chanjo nchini ilianza mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikaanza kutolewa dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hata hivyo, katika nchi kama Marekani na Uingereza saratani ya koo ya HPV huwapata wanaume wengi kuliko wanawake, na koo halina kipimo cha kugundua dalili za awali kama kile cha mlango wa kizazi. Mwanamume anayesoma kipeperushi hicho atakikunja na kufungia karanga.

Lawama kubwa zaidi ni pazia. Kiti cha daktari kimetenganishwa na benchi la wagonjwa kwa kitambaa tu, na swali la ngono lilisikika hadi nje. Nilipotoka, mzee mmoja mwenye kikapu cha parachichi aliniangalia kwa tabasamu ambalo sikulihitaji.

Jino lilisawazishwa siku hiyohiyo, nikaagizwa kurudi baada ya wiki mbili ili, kama kidonda kingekuwapo bado, nipewe rufaa ya kukatwa kinyama cha kupimwa maabara. Nilirudi kidonda kikiwa kimefunga. Daktari alinipapasa shingo tena hata hivyo, na marudio hayo hayakutozwa.