Usingizi wa mchana: dakika 20 au dakika 90?

Saa nane mchana, tumbo limeshiba wali, macho hayatii amri. Ujinyooshe kidogo tu, au ulale kabisa?

Dakika 20 zinakuacha kwenye usingizi mwepesi, kwa hiyo ukiamka unanawa uso na kuendelea na kazi. NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ilipowapa marubani wa safari ndefu dakika 40 za kupumzika, walilala wastani wa dakika 26, na wakawa makini kuliko wenzao walionyimwa. Mimi hutega kengele ya simu na kulala kitini. Kitanda ni mtego.

Dakika 90 ni takriban mzunguko mzima wa usingizi kwa mtu mzima: unazama kwenye usingizi mzito, kisha unarudi juu. Zinamfaa aliyekesha akiuguza, au anayeingia zamu ya usiku. Wengine tukizilala, usiku tutahesabu boriti za dari. Kibaya zaidi ni kuamshwa katikati, dakika ya 45 hivi, ukainuka umelewa usingizi, hujui kama ni alfajiri au magharibi.

Mtoto wa miaka 2 usimpimie dakika 20. Anahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwemo. Wengi huuacha wenyewe kati ya miaka 3 na 5. Paka ndiye hana hesabu: saa 12 na zaidi, vipande vipande, masikio yakiwa kazini.

Siku ya kazi nachagua 20. Jumapili, mniache.